Tshangalele: ndege wa ziwa lililotengenezwa na mine

Wandugu wafanyakazi, na ninyi bamama na vijana wenye kusoma ukurasa huu nyumbani, leo siandiki juu ya mushahara wala juu ya kontra. Naandika juu ya ndege. Musigeuze gazeti kwanza. Ndege huyu anatugusa sisi watu wa mine kupita namna munavyofikiri.

Mu dunia yote kuna ndege mumoja mudogo, wa manjano, mwenye uso mweusi kama mutu aliyetoka mu shimo, ambaye anajulikana tu hapa kwetu, mu bonde la Lufira, kwenye ziwa Tshangalele karibu ya Kapolowe. Hayuko Ulaya, hayuko Amerika, hata mu Kinshasa hayuko. Na ziwa lile halikuwekwa na Mungu siku ya kuumba dunia. Liliwekwa na baraji, na baraji iliwekwa juu ya mukuba. Kwa hiyo mutu akiwaambia kama mine na ndege ni mambo mawili ya mbali, mumulete Kapolowe.

Sisi wa sendika tulienda kule na jamaa zetu, siku ya Mungu ya kwanza kisha sikukuu ya tarehe 1 mwezi wa 5. Ulaya wanaita wakati huo printemps, wanahesabu maua. Kwetu ni mwisho wa mvua: ziwa limejaa, visiwa vidogo vimezama, na ndege wako wengi.

Kwanza mujue ziwa lilitoka wapi

Wazee wetu wa Likasi, wakati muji uliitwa Jadotville, walijua jambo hili. Kwa kutosha mukuba safi ndani ya jiwe, moto peke yake hautoshi: inaomba asidi na inaomba kuran. Izini ya Shituru ilianza mu 1929, na kazi ya electrolyse inakula kuran mingi usiku na muchana, haina siku ya kupumzika. Kampuni ya wakati ule, Union Minière, ikatafuta maji yenye kuanguka. Hayakuwa mbali: maporomoko ya Mwadingusha mu muto Lufira, yale Wabelgiji waliyaita Chutes Cornet. Mu 1930 santrali ikaanza kugeuka.

Lakini muto ukiufunga, maji hayapotei. Yanarudi nyuma. Maji ya Lufira yalirudi nyuma yakatandama juu ya uwanda, mpaka yakafanya ziwa la karibu kilomita 400 za mraba. Ni pana sana, lakini haliendi chini sana. Mahali pengi muvuvi anasukuma bwato na muti murefu, na muti unagusa matope. Uwanda ule ulikuwa na vichuguu, vile vikubwa vya Katanga vyenye kupita nyumba kwa urefu. Maji yalipopanda, vichuguu na vilima vikabaki vimetosha kichwa. Ndivyo visiwa vya Tshangalele vilivyozaliwa: vingine vikubwa vya watu kukaa na kulima, vingine vidogo vya mutu mumoja kusimama na nyavu yake.

Kila mwaka ni namna moja. Mvua ikianza mwezi wa 11, maji yanapanda pole pole, na ku mwisho wa mvua yanafika juu kabisa. Kisha kiangazi kinakuja, turbini zinakunywa, jua linakunywa, ziwa linarudi nyuma na kuacha matope meusi yenye majani. Kupanda na kushuka kwa maji ndiko kunalisha samaki, na samaki wanalisha ndege na watu.

Turbini za Mwadingusha hazijanyamaza. Zilitengenezwa upya, na tangu 2021 santrali inaweza kutosha megawati 78. Kwa hiyo wewe mwenye kufanya kazi mu izini, ukibonyeza butoni asubui, inawezekana sana ni maji haya yenye kukujibu.

Ndege aliyengoja jina miaka 22

Mu mwaka 1960, wakati inchi yetu ilikuwa inapata uhuru, Mubelgiji mumoja mwenye kusoma wanyama, Jean-Claude Ruwet, alikuwa anafanya kazi ku ziwa hili. Alikamata ndege wachache wa kusuka, wale Wafaransa wanaita tisserin na watu wa pwani wanaita mnana. Waliwekwa mu sanduku za nyumba ya wanasayansi, wakakaa. Mu 1982 tu, wanasayansi wawili, Michel Louette na C. W. Benson, waliwaangalia vizuri wakasema: huyu si wale tunaojua, huyu ni mwingine. Wakamupa jina la Ploceus ruweti, kwa heshima ya Ruwet. Ndege alingoja jina miaka 22.

Mwaka ule ule wa 1982, UNESCO ikaweka bonde la Lufira kati ya akiba zake za biosphère. Lakini ndege mwenyewe, hakuna mwanasayansi aliyemuona tena. Ilifika mpaka 2009 ndipo Louette na mwenzake Michel Hasson waliandika kama wamemupata, kule kule, mu matete ya Tshangalele. Miaka karibu 50.

Muvuvi aliyetuongoza, papa wa miaka mingi kupita yangu, alisikia historia hiyo akacheka sana. Alisema: "Banasema eti ilipotea? Ilipotea wapi? Kila mwaka inasuka hapa, inatupigia makelele. Njo beye balipotea."

Nilifikiri juu ya neno lile. Ni mara ngapi sisi wafanyakazi tunajua kitu kila siku, lakini kwa sababu hakuna karatasi, inakuwa kama hakipo? Mashini inalia vibaya miezi mitatu, kila mutu mu ekipe anajua, lakini hakuna aliyeandika mu rejista. Siku inavunjika mukono wa mutu, wakubwa wanasema: hatukuambiwa. Ndege wa Tshangalele alikuwa hapo. Kilichokosa ni mutu mwenye kuandika.

Mu 2017 bonde la Lufira liliingizwa tena mu liste ya Ramsar, ile ya maeneo ya maji yenye mana kwa dunia yote, zaidi ya hekta milioni 4. Karatasi sasa iko. Macho ya kuifuata ndiyo yanakosa.

Siku ya visiwa

Tulikuwa watu 19: wa izini, wa karyeri, wawili wa sous-traitance, bamama sita, na watoto. Tulifika pembeni ya maji mbele ya saa 12 ya asubui, juu ya ndege hawangoji wenye kuchelewa. Tulikuwa na jile za kuogelea kwa kila mutu. Nilisema wazi: jile ni EPI ya maji, bila jile, hakuna kupanda bwato. Kijana mumoja alitaka kukataa, mama yake akamuangalia tu, akavaa.

Mabwato yakaingia mu ukungu. Mwanzoni hatukuona kitu, tulisikia tu. Halafu jua likatoka na visiwa vikaonekana. Tuseme ukweli, havikuwa visiwa tena. Hapa kichuguu kimoja chenye kutosha kichwa, pale muti uliokufa, kule mustari wa matete yenye kusimama ndani ya maji mpaka shingo. Nyumba moja ya wavuvi ilibaki paa na miti yake mine; wenyewe walikuwa wamehamia juu mpaka kiangazi.

Juu ya muti mukavu alikaa kwazi, mwenye kichwa cheupe na mabawa meusi. Alirusha kichwa nyuma akalia, sauti ikaenda mbali juu ya maji. Mukubwa mumoja wa ekipe, mutu wa kelele nyingi kazini, alinyamaza kabisa. Kisha akasema polepole: "Huyu njo shefu wa santye."

Tukaona mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, yule anasimama hewani pahali pamoja akipiga mabawa, kisha anaanguka kichwa chini kama jiwe. Mara tano alianguka, mara mbili alitoka na samaki. Watoto walihesabu. Tukaona mnandi, mweusi, anakausha mabawa yake kwa kuyafungua kama mwenye kuanika koti. Tukaona korongo mweusi mwenye akili: anafungua mabawa yake mbele kuwa mwavuli, anatia kichwa chini ya kivuli, na samaki wadogo wanakuja wenyewe mu kivuli ili akule. Na nyange weupe, wengi, juu ya migongo ya visiwa.

Bamama walipenda zaidi ndege wa kahawia mwenye vidole virefu sana, mwenye kutembea juu ya majani ya maji kama Petro alivyotaka kutembea, lakini yeye hazami. Wafaransa wanamuita jacana. Muvuvi hakujua jina hilo, lakini alijua tabia yake: mwanamuke anataga mayai, anaenda kutafuta bwana mwingine, mwanaume ndiye anabaki kulalia mayai na kulea watoto. Wanasayansi wanasema vile vile. Bwato lote likacheka. Mama mumoja akauliza bwana yake: "Unasikia, papa? Nitakuachia batoto, niende miye." Bwana akajibu kama yeye tayari anafanya poste ya usiku, inatosha.

Halafu muvuvi akaweka kafi chini na kuonyesha na kidevu. Kwenye vichaka vilivyozama, viota vilikuwa vinaning'inia juu ya maji, vingine vya zamani, vimeungua na jua, vingine bado vizuri. Ni kazi ya mikono, lakini bila mikono: jani kwa jani, linapita chini, linapita juu, linafungwa. Kwa ndege wengi wa jamii hii ya kusuka, ni mwanaume anayejenga, na mwanamuke anakuja kuangalia. Akikataa, mwanaume anabomoa na kuanza tena. Wanajenga juu ya maji kwa sababu nyoka na wanyama wanapata shida kufika. Kwa hiyo maji yakishuka haraka sana wakati wa watoto, ao mutu akikata na kuchoma matete, nyumba inabaki bila ulinzi.

Ndege wawili wa manjano wakatoka mu kichaka, mumoja na uso mweusi. "Njo yeye," muvuvi akasema.

Nilikuwa na darubini moja ya zamani. Nilimuona muda wa kuhesabu mpaka kumi. Mu bonde letu kuna wanana wengine wa manjano wenye uso mweusi, na kutoka mbali wanafanana kama ndugu. Binti wa kazi ya kuandika, mwenye miaka 13, aliuliza: "Papa delege, niandike tulimuona?" Nikamwambia aandike: ndege wa manjano wawili, uso mweusi mumoja, viota 31, pahali fulani, saa fulani, na pembeni aweke alama ya kuuliza. Hatusemi uongo mu rapport ya aksida, hatutasema uongo mu daftari ya ndege.

Samaki yule yule

Kurudi, tulikuta bamama wauzaji pembeni ya maji na tilapia na kambale mu mabeseni. Kila mutu mwenye kupita barabara ya Likasi anajua samaki ya Kapolowe. Wake zetu wakaanza kupatana bei. Ni hapo mama mumoja akanigeukia akauliza swali ambalo lilikuwa mu kichwa cha wote: "Papa delege, sema kweli. Hii samaki tukule, ao tusikule?"

Swali si la bure. Mito ya Likasi, Panda na Buluo, inaingia mu Lufira, na Lufira inaingia mu ziwa. Tangu Shituru ianze, ni karibu miaka 100 maji ya izini yanatelemuka njia hiyo, na izini zingine zimekuja nyuma. Ziwa ni kama sahani: yale yenye kutoka juu yanakaa chini, mu matope. Mu 2010 wanasayansi waliotafuta mu bonde la Lufira ya juu walitoa kazi yao juu ya mulolongo wa chakula: mukuba, kobalti, zenki, plomb, kadmium, uranium, mpaka arsenic. Walikuta metali imeingia mu vitu vyenye uhai. Na mwaka mumoja mbele, 2009, waganga wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Louvain walitoa kipimo cha mukojo wa watu wenye kukaa karibu ya mine na izini za Katanga. Kobalti waliyokuta ilikuwa ya juu kupita yote iliyokwisha kuandikwa kwa watu wa kawaida, na watoto walipita wakubwa. Hao hawakuwa wafanyakazi wa mine. Walikuwa watoto wenye kucheza mu udongo, kupumua vumbi na kukula chakula cha hapa.

Zamani mu mine za makala za Uingereza, wachimbaji walishuka na ndege mudogo wa manjano mu kitundu. Hewa mubaya ikija, ndege anaanguka mbele ya mutu, na mutu anapata dakika ya kukimbia. Waliacha desturi hiyo mu miaka ya 1980, wakati mashini ya kupima ilichukua nafasi. Watu wengi wanaisifu. Lakini mimi naona tofauti moja: yule ndege alifungwa kwenye kitundu, na mutu alikuwa na njia ya kutoka. Hapa Tshangalele kwazi na mnandi wanakula samaki yule yule mama anapika na bukari jioni. Wao wanaweza kuruka kwenda ziwa lingine. Sisi tuko na nyumba, masomo ya watoto na kontra.

Musisahau jirani. Tarehe 18 mwezi wa 2 ya 2025, kule Zambia, upande wa Kitwe, ukuta wa bwawa la taka za mine ulivunjika. Lita milioni nyingi za maji ya asidi zikaingia mu mito, zikafika Kafue. Samaki walikufa mbali sana na mine, na muji wa Kitwe ulifungiwa maji ya robine. Ni jiwe moja na letu, ni mukanda mumoja wa mukuba, ni asidi moja. Mupaka uko ku karatasi.

Basi nilimujibu yule mama hivi, na nawajibu ninyi wote. Kusema "musikule" kwa mutu mwenye franga za samaki tu, si za nyama, ni kumwambia alale na njaa. Lakini kuna mambo ya kufanya. Metali inakaa zaidi mu maini, mu figo, mu mashavu ya kupumulia na mu matumbo kupita mu nyama yenyewe: mutoshe vyote hivyo vizuri, musiwape watoto, musipikie supu. Samaki akikutwa amekufa mwenyewe juu ya maji, hata kama bado ni mubichi, asiingie mu sufuria. Mboga zioshwe mara mbili ili vumbi litoke. Na wewe papa wa izini, usikumbatie mutoto na bleu ya kazi. Uiache kazini, ao ioshwe mbali na nguo za nyumba. Hayo hayasafishi ziwa, lakini yanapunguza kile kinachoingia mu mwili wa mutoto wako leo.

Kuangalia ni kazi, na tunaijua

Ndege si laboratware. Kuhesabu kwazi hakutakwambia kobalti ni ngapi mu maji. Lakini kutakwambia jambo limebadilika, na ni siku gani limebadilika. Mutu mwenye daftari ya miaka miwili anaweza kusema: "Mwezi wa 5 mwaka jana tulihesabu mnandi 40 hapa, leo ni watatu, na samaki wanaelea." Mbele ya neno hilo, mukubwa hawezi kujibu "ni maneno ya kilabu".

Namna ya kufanya haiombi franga nyingi. Mufike mapema, wakati jua linatoka, ao saa 10 ya mangaribi. Muvae nguo za rangi ya majani na udongo. Gilet yenye kuangaza ni ya mu karyeri, si ya hapa. Mukae na jua mugongoni. Musipige kelele, musiguse viota, musichukue mayai, wala musikaribie sana ili kupiga foto. Musianze na ndege wote. Muanze na wane ambao hawawezi kuwadanganya: kwazi, mdiria mweusi na mweupe, mnandi, nyange. Muhesabu pahali pale pale, saa ile ile, kila mwezi. Muandike tarehe, saa, hali ya hewa, urefu wa maji kwa alama moja mu muti ao mu kichuguu, rangi ya maji, harufu, samaki waliokufa kama wako. Yule musiyemujua, muandike namna alivyo na muweke alama ya kuuliza.

Hii ni kazi ya ronde. Mutu wa mine anajua ronde: kupita, kuangalia, kusikiliza, kuandika, kusaini. Tumezoea kuifanya kwa mashini za wengine. Tuifanye mara moja kwa mwezi kwa maji yetu.

Na kuna faida nyingine, niseme bila haya. Wafanyakazi wengi siku ya kupumzika wanaipitisha wapi, tunajua wote. Siku ile ya visiwa nilisikia baba akimueleza mutoto wake namna baraji inavyofanya kuran, na mutoto akimuonyesha baba ndege ambaye baba hakumuona. Sikumbuki mara ya mwisho niliona wawili hao wakiongea. Pumziko pia ni haki ya mufanyakazi, na pumziko si bia peke yake.

Tunadai nini

Code minier iliyobadilishwa mu 2018 iko upande wetu kupita namna wengi wanavyojua. Inasema mwenye haki ya kuchimba anapashwa kurudisha hasara aliyofanyia watu, mali na mazingira kwa kazi yake, hata kama hakuna kosa wala uzembe. Inaomba kampuni itoshe 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wa pale, na isaini nao cahier des charges. Na mu redevance minière, 15% inaenda kwa commune, secteur ao chefferie yenye mine.

Kwa hiyo, kila délégué aliye na cahier des charges yenye kuandikwa ao kurudiliwa mu bonde letu, asiombe tu dispensari na matoli ya shule, ingawa hayo ni mazuri. Aombe mambo matatu. La kwanza: matokeo ya kupima maji yabandikwe ku tablo, ku mulango wa izini na ku sentre ya afya, kila miezi mitatu, kwa maneno ambayo mama wa soko anaweza kusoma. La pili: samaki wa ziwa wapimwe mara moja kwa mwaka na laboratware isiyo ya kampuni, na majibu yasomwe mbele ya wavuvi. La tatu: matete na vichaka vya visiwa vyenye viota visikatwe wala visichomwe, na wavuvi wenyewe wawe walinzi wenye kulipwa, kwa sababu wao ndio walimujua ndege huyu wakati wenye diploma walisema amepotea.

Kampuni zinakuja na kwenda. Jina ku mulango wa izini limebadilika mara ngapi tangu tuzaliwe? Mashimo yatakwisha madini siku moja, hata yale marefu. Ziwa la Tshangalele lilitengenezwa kwa kulisha izini, lakini leo linalisha watu. Siku izini itanyamaza, watu bado watataka kukula, na ndege wa manjano bado atatafuta kichaka cha kusuka. Maji watakayoyakuta yanatengenezwa sasa, kwa yale tunayoyaacha yapite na yale tunayoyakataa.

Daftari ya kwanza iko ku biro ya sendika, kila mutu anaweza kuisoma. Kuhesabu kutafanyika siku ya Mungu ya kwanza ya kila mwezi. Mulete kofia, maji ya kunywa, na mutoto mumoja mwenye kujua kuandika.